Nilitafuta fundi wa bunduki ya marehemu baba Guangzhou, akakamatwa mama wa watu na mzigo wangu

Wakuu, salaam kwenu wote. Na nyie mnaosoma kimyakimya bila ku-login, nawasalimu pia.

Hii habari nimekaa nayo muda mrefu. Nimeandika nikafuta mara nyingi. Sijaongeza chumvi, ila kuna sehemu nimepunguza kwa sababu zinamhusu mtu ambaye sijamwomba ruhusa. Majina ya watu nimebadilisha. Mengine yote ndivyo yalivyokuwa.

Halafu mimi ni mwanamke. Najua humu mtaniita mkuu tu. Sawa, nimezoea.

Niiteni Somoe. Kwetu ni kusini, vijiji vya pembeni ya pori, kule ambako nguruwe na tembo wanajua shamba lako limeiva kabla wewe hujajua.

Mimi ni wa kwanza kuzaliwa. Nyuma yangu yupo Saidi, halafu Hadija, halafu Bakari. Mama alifariki siku anamzaa Bakari. Baba akafuata baada ya miaka miwili, homa ya siku tano. Nilikuwa kidato cha pili. Nilirudi nyumbani kwa ajili ya msiba, na begi la shule sikulifungua tena.

Siandiki hivyo mnionee huruma. Naandika ili mjue hiyo bunduki ilikuwa nini kwetu.

Baba alikuwa na leseni. Kazi yake ilikuwa kulinda mashamba ya kijiji, na watu walimlipa kwa mahindi na ufuta. Bunduki yenyewe ilikuwa ya kijeshi, ya zamani sana, ndefu, mbao zimeifunika karibu mpaka mdomoni. Aliirithi kwa babu, na karatasi zake zote zilikuwepo.

Kwenye kitako baba alichonga mistari kwa kisu. Kila mtoto akizaliwa, mstari mmoja. Ipo minne. Wa kwanza, mrefu kuliko yote, ni wangu.

Baba alipofariki bunduki ikaenda kuhifadhiwa polisi, kama sheria inavyotaka. Ikakaa huko miaka. Saidi alipokuwa mtu mzima akaanza kufuatilia urithi. Njoo kesho, leta barua ya kijiji, leta muhtasari wa kikao cha ukoo, mpaka siku moja wakamkubalia. Akakabidhiwa bunduki pamoja na barua kwamba atafute fundi anayetambulika, itengenezwe, airudishe ikaguliwe, ndipo apewe leseni kamili. Ikishindikana inasalimishwa ikateketezwe.

Alinipigia akiwa ameishika.

"Dada, mistari ipo. Yote minne. Nimeipitisha kidole."

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za jengo la Tianxiu, kule Guangzhou, watu wananipita na mabunda yao.

Tatizo lilikuwa kile chuma cha nyuma, unachokivuta na kukisukuma ili risasi iingie. Watu wa bunduki wanakiita bolti. Cha kwetu kilikuwa kimelika, na ulimi wake mmoja umekatika. Fundi bunduki aliyekuwa anaijua alishakufa, na mwanawe sasa anauza vioo vya simu. Saidi akaenda mpaka Dar. Akaambiwa spea za bunduki ya aina ile hazipo tena, aitundike ukutani. Lakini kuitundika ukutani nayo hairuhusiwi bila leseni.

"Dada, wewe uko China," akaniambia. "Kuna kitu gani hapo hakitengenezwi?"

Na mimi, wakuu, nikajiuliza vilevile.

Naomba niwaeleze kidogo maisha ya Guangzhou kwa ambao hamjafika, maana bila hapo mtaniona mwendawazimu.

Nilikuwa na miaka sita pale. Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka wateja soko la nguo la Shahe, kukusanya mizigo yao na kuipakia kwenye cargo. Pembeni nilikuwa natengenezesha vipuri vya mashine za kusaga na kukoboa. Nilikuwa na meza yangu kwenye ofisi tuliyopanga watu wanne pale Tianxiu.

Pale kuna dini moja inayotuunganisha wote, Waislamu, Wakristo, Wakongo, Wakenya na sisi. Dini hiyo inaitwa sampo, yaani sampuli. Ukileta kitu mkononi, hata kama hujui jina lake, hata kama hujui Kichina cha kuombea maji, unakiweka mezani unaonyesha vidole: mia mbili, mia tano. Wiki ijayo unakuta vimepangwa. Nimeshaona mtu analeta kipini cha mlango wa kabati la bibi yake na anaondoka na boksi zima.

Jambo la pili ni kukataliwa. Laoban, yaani mwenye duka, ukimuuliza kitu anakwambia "meiyou", hakuna. Mgeni anaondoka. Mzoefu anavuta kigoda, anaomba maji ya moto, anaanza upya. Nusu ya vitu nilivyowahi kununua China vilianza na meiyou.

Basi nikaenda kwa Liang shifu. Shifu ndivyo wanavyomwita fundi mkubwa. Huyu mzee ndiye alikuwa ananitengenezea vipuri vyangu, karakana ndogo uchochoroni upande wa Baiyun, mashine mbili za kukereza chuma na kikombe cha bati chenye chai nyeusi kama oili. Hakuwa mtu wa maneno. Tulikuwa tunaongea kwa Kichina changu cha sokoni, kikiisha tunaipa simu itutafsirie.

Aliponiona akauliza kupitia simu, "Leo umekuja kununua au kulalamika?"

Nikamwambia kununua. Nikamfungulia picha ya bunduki aliyonitumia Saidi.

Hapa naomba msome polepole, kwa sababu mimi nilikuwepo na sikusoma.

Mzee alivaa miwani. Nikamwekea kidole kwenye bolti. Yeye akaivuta ile picha mpaka mbele, kwenye mtutu, akaikuza, akatulia pale. Nikadhani hajaelewa, nikairudisha kwenye bolti. Akaivuta tena mpaka kwenye mtutu.

Kisha akachukua simu yangu akaifuta ile picha. Akaingia mpaka kule zinakokaa zilizofutwa, akaifuta na huko. Akaigeuza simu uso chini, akaifunika na tambara la grisi.

Nilipotaka kuichukua ili tuongee, akanishika mkono. Miaka yote ile hakuwahi kunigusa hata kwa kupokea hela. Huwa anaweka mezani.

"Bu keyi," akasema. Haiwezekani. Akanifungulia mlango. "Zou." Ondoka.

Mtu mwenye akili timamu angeelewa. Mimi nikaelewa kibiashara. Nikasema mzee anaogopa neno, haogopi chuma. Nikimletea kipande kitupu, bila picha, bila jina, ni kipuri kama vipuri vingine. Nikaamua nilete sampo.

Nikampigia Saidi aichomoe bolti.

Akasita. "Dada, hiki si kitu cha kusafirisha."

"Ni chuma, Saidi. Kikiwa peke yake ni chuma tu."

Hayo maneno niliyaandika pia kwenye meseji. Yakumbukeni.

Sasa ndiyo anaingia Mama Shamsa.

Mama Shamsa ni mfanyabiashara wa Tanga, nguo za watoto, mtu wa makamo, ana sauti ya kuamsha mtaa. Nilipofika Guangzhou mara ya kwanza sina pa kulala, yeye ndiye aliyenipa nusu ya kitanda chake cha gesti wiki mbili. Alinifundisha kuhesabu Kichina kwa pipi. Nikikosea, anakula yeye. Mimi sina mama tangu utoto, na yeye aliniita mwanangu kabla hajajua jina langu.

Alikuwa anakuja kuchukua mzigo wa msimu. Nikamwambia Saidi ampelekee kifurushi Dar.

Wanaosafiri mnajua utaratibu. Anayepanda ndege anawabebea wenzake. Dawa, unga, dagaa, vyeti. Huulizi sana ndani kuna nini, maana kuuliza ni kama kumwambia mtu humwamini. Na ukifika uwanja wa ndege ukaulizwa kama kuna mtu amekupa kitu umbebee, unajibu hapana, vyote ni vyangu. Wote tunajibu hivyo. Mimi mwenyewe nimewafundisha wateja wengi kujibu hivyo, tena nawafanyisha mazoezi kabla hawajaondoka.

Lakini Mama Shamsa aliniuliza.

Alinitumia sauti kwenye simu: "Somoe mwanangu, hiki kichuma kizito hivi ni nini? Mdogo wako kakifunga kama maiti. Kitanivunjia begi."

Nikamjibu kwa sauti, nacheka: "Ah, Mama, ni spea tu ya mashine ya kukoboa. Kizungushie na zile dagaa, hakitagonga kitu."

"Haya. Kikinivunjia begi utaninunulia jingine, tena la magurudumu manne."

Basi. Ni hayo tu tuliyoongea.

Siku anafika nilipanda metro mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun na chupa ya chai ya tangawizi. Yeye chai ya Wachina haimpiti kooni. Ndege ikatua. Watu wakaanza kutoka na mikokoteni yao. Wakatoka wengi, halafu wachache, halafu mmoja mmoja. Nikampigia, simu inaita haipokelewi. Baadaye haiiti.

Wa mwisho mwisho akatoka Maman Béa, Mkongo mmoja tunayefahamiana wa hapohapo Tianxiu. Alikuwa ameunganisha ndege moja na Mama Shamsa. Aliponiona hakunisalimia.

"Ma chérie, wamemuweka pembeni. Begi iko wazi juu ya meza, dagaa yote iko chini. Wanamuonyesha kitu ya chuma. Yeye anasema tu, ni yangu, ni yangu, vyote ni vyangu."

Nilikaa chini palepale kwenye vigae.

Mjue kilichotokea. Kama angesema kuna mtu kanipa, wangemuuliza ni nani. Lakini yeye alijibu kama tunavyojibu wote, na alijibu kwa uhakika, kwa sababu alijua ni spea ya mashine. Mwongo ni mimi, lakini yeye ndiye aliyeusema uongo wangu mbele ya askari, na aliusema kama ukweli.

Na kwa wasiojua, China hakuna mchezo na silaha. Hata kipande. Hata kilichokufa.

Kesho yake ofisini habari ilishafika. Kwenye ile ofisi alikuwepo Kamau, Mkenya wa Nairobi, tulikuwa tunapakana meza. Mtu wa utani sana, lakini siku ile hakutania. Alifunga mlango.

"Sister, hiyo kitu ni yako?"

Nikamwambia ni yangu.

"Basi nyamaza. Sikiza mimi. Ukijipeleka huko mtafungwa wawili badala ya mmoja. Yule mama atasema hajui, watamwachilia tu. Wewe toa line, futa chats, kata tiketi ya kesho."

"Hatasema hajui, Kamau. Ameshasema ni chake."

"Atabadilisha."

"Akibadilisha watamwamini?"

Akachezea kalamu, kisha akasema polepole, "Nani anasomesha hao watoto wenu ukifungwa?"

Hapo alinigusa penyewe. Hadija alikuwa chuo, mwaka wa mwisho. Bakari yuko sekondari. Tangu nina miaka kumi na sita kila nilichofanya, kizuri na kibaya, nilikifanya nikihesabu vichwa vitatu kwanza. Nikaiangalia simu. Nikafungua mazungumzo yangu na Mama Shamsa, kidole kikawa juu ya neno futa.

Nawaambia ukweli kwa sababu niliahidi ukweli. Kilikaa pale muda mrefu.

Kilichonizuia ni ile sauti yake. Niliibonyeza bahati mbaya ikaanza kuongea mle ofisini, "Somoe mwanangu", na Kamau akageuka akatazama dirishani.

Nikatoka. Sikujua niende kituo gani cha polisi, sikujua nikifika naanzaje. Kichina changu ni cha bei na rangi za nguo, hakuna siku nilijifunza kusema "mwacheni huyu, ni mimi". Na kuiambia simu itafsiri mambo ya bunduki sikuthubutu. Mtu pekee niliyemjua anayejua Kichina na anayejua habari ya ile bunduki alikuwa Liang shifu.

Nilimkuta anakula. Simu yangu nikaizima mbele yake, nikaiweka mbali. Nikaokota chaki ya kupimia chuma, nikachora sakafuni. Nikachora bolti. Nikachora ndege. Nikachora mwanamke, na mistari ya nondo mbele yake. Kisha nikajigonga kifua, nikaonyesha bolti: yangu. Nikaonyesha mwanamke, nikatikisa kichwa: hajui.

Mzee aliacha kutafuna. Akaangalia ile michoro, akasogea akaifuta yote kwa soli ya kiatu. Nilijua atanifukuza tena.

Akafunga mlango wa karakana kwa ndani. Akachukua kitabu chake cha oda, akaomba pasi yangu ya kusafiria, akaanza kuandika.

Nilitarajia sentensi mbili. Aliandika ukurasa mzima, taratibu, anasimama, anafikiri, anaendelea. Mwishoni akachovya dole gumba kwenye wino mwekundu akaligandamiza chini ya jina lake. Akaichana ile karatasi akanikunjia mkononi.

Sikujua kimeandikwa nini. Inawezekana alinitetea, inawezekana alinishtaki ajiokoe, na asingekuwa na kosa. Nilishika karatasi ambayo ndani yake sijui kuna nini, naipeleka kwa askari kwa sababu nilimwamini aliyenipa.

Nikaiweka ndani ya pasi yangu.

Mzee alivua aproni akanisindikiza mpaka kona ya kituo. Akanionyesha mlango, akarudi bila kuaga.

Kabla sijaingia nilimpigia Saidi.

"Nikikaa kimya msinitafute. Ufuta ukitoka uza, Hadija amalize chuo. Bakari asiache shule, unanisikia?"

"Dada kuna nini?"

"Nimemkosea mtu."

Nikaingia.

Wakuu, ya mle ndani sitayasimulia yote. Hawakunipiga, hawakunitukana. Waliisoma karatasi, wakanitazama, wakaniketisha, wakachukua simu. Nikahamishwa kutoka chumba hiki kwenda kile. Siku ya pili wakaleta mkalimani, binti wa Kichina aliyesoma Kiswahili chuoni kwao. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Dada, tafadhali sikiliza kwa makini. Je, hii ni sauti yako?"

Wakaibonyeza simu.

"Ah, Mama, ni spea tu ya mashine ya kukoboa." Na kicheko changu.

Nikasema ndiyo. Wakaandika. Wakaibonyeza tena ili binti atafsiri neno kwa neno. Akauliza kukoboa ni nini. Nikamweleza, kutoa maganda ya mahindi. Wakaibonyeza tena. Mara nne nilikisikia kile kicheko, na mara zote nne kilikuwa cha mtu asiye na wasiwasi hata kidogo.

Kisha ile meseji kwa Saidi. Binti akaisoma kwa lafudhi yake safi: "Kikiwa peke yake ni chuma tu." Akaniuliza, "Hapa ulimaanisha nini, dada?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Lakini uongo ule kwenye simu ndio uliomtoa Mama Shamsa. Ulionyesha kwamba aliuliza, na mimi nikamdanganya. Ningebonyeza futa pale ofisini, kusingekuwa na kitu duniani cha kumtetea.

Mwisho wakampa binti asome karatasi ya Liang shifu. Naiandika nilivyoikumbuka.

Alisema yeye ujanani alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha silaha, huko milimani, mpaka kilipofungwa. Alisema nilimwonyesha picha akanikatalia, akatoa jina lake na mahali alipo ili aitwe ushahidi. Alisema bunduki ile aliitambua mara moja. Alisema mtutu wake umevimba karibu na mdomo, na kwenye uvimbe kuna ufa, na kwamba ikitiwa bolti mpya itapasuka usoni kwa atakayeifyatua. Sikuweza kumweleza kwa simu, aliandika. Mwambieni ndugu yake asiifyatue.

Binti alipomaliza akaikunja ile karatasi akawarudishia askari.

Fundi bunduki niliyekuwa namtafuta nilikuwa nimeshampata siku ya kwanza kabisa. Alinipa jibu la kifundi, na akalirudia mara mbili kwenye picha, nami nikamrudishia picha nyuma kwenye bolti.

Mama Shamsa nilimwona mara moja tu. Tulikutana kwenye korido, yeye anatolewa chumba kimoja, mimi naingizwa kingine. Alikuwa na ndala za kuazimwa, kubwa kuliko miguu yake. Mtandio wake umekaa vibaya, na yeye si mtu wa mtandio kukaa vibaya.

"Somoe. Kile ni chako?"

"Ni changu, Mama."

"Spea ya mashine?"

"Hapana, Mama."

Aliitazama sura yangu kana kwamba anatafuta mtu aliyekuwa anamjua. Halafu akageukia ukutani mpaka nilipopita.

Yeye aliachiwa kabla yangu, akarudishwa nyumbani. Mimi nikafuata baadaye. Walisema kipande kilikuwa kibovu, hakikuwa cha kuuzwa, na nilijileta mwenyewe. Viza ikafutwa, nikapigwa marufuku kurudi. Miaka sita ya Guangzhou nikaondoka nayo kwenye begi moja, askari wawili wakanifikisha mpaka mlango wa ndege. Meza yangu Tianxiu Kamau aliwapa watu wengine, na vitu vyangu alivituma kwa cargo bila kunitoza. Namshukuru hapa, najua anasoma humu.

Simu walinirudishia uwanjani. Ilipowaka zikaingia meseji za Saidi moja baada ya nyingine. Za kwanza zilikuwa za kunitafuta. Moja ya katikati ilisema: Dada, mama yake Mama Shamsa wa Tanga amefariki, nimeenda msibani kwa niaba yetu.

Bi mkubwa yule alikuwa kitandani muda mrefu. Mama Shamsa ni mtoto wake pekee. Safari zote zile za China, dawa zake ndizo zilikuwa za kwanza kununuliwa. Alikufa asubuhi, akazikwa alasiri kama dini inavyotaka, na mwanawe yuko kwenye chumba China anaulizwa bolti ni ya nani. Alipoambiwa alikuwa ameshatua Dar, anajiandaa kumpigia mama yake simu kwamba amerudi salama.

Bunduki Saidi aliisalimisha. Afisa wa ghala la silaha, kabla hajaandika kitu, aliupitisha mkono kwenye mtutu na kusimama karibu na mdomo, palepale Liang shifu alipoisimamisha picha. Akatikisa kichwa. Saidi aliomba apewe kile kitako tu, mbao tupu. Hawakumpa. Aliomba dakika moja, akaweka karatasi ya daftari juu ya mistari akaichua na penseli. Minne ilitokea. Hiyo karatasi ndiyo tuliyobaki nayo.

Nguruwe walikula shamba msimu ule.

Mwezi uliofuata nilikwenda Tanga. Sikupiga simu, niliogopa angekataa. Mama Shamsa alinifungulia mwenyewe, akanikaribisha, akaniletea chai ya tangawizi. Nikapiga magoti. Akaniambia nyanyuka, sakafu ina unyevu.

Tulikaa. Chumba cha bi mkubwa kilikuwa wazi, kitanda kimetolewa godoro.

"Nimekusamehe," akasema. "Nimekusamehe mbele ya Mungu, usije ukafa na deni langu. Lakini nikuulize kitu, Somoe."

"Niulize, Mama."

"Wewe wazazi wako uliwazika?"

"Niliwazika."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, Mama."

"Mimi nilikuwa na mmoja."

Akaniambia ninywe chai itapoa. Nilikunywa. Hakuniita mwanangu tangu naingia mpaka natoka.

Sasa hivi niko nyumbani, nauza vipuri vya mashine, vya kweli. Hadija alimaliza chuo. Bakari yupo. Saidi yupo, ana uso wake mzima, na nikimtazama usoni namkumbuka mzee mmoja uchochoroni Baiyun ambaye sitaweza kurudi kumshukuru.

Nilichojifunza si kikubwa. Mzigo wa mtu ufungue mbele yake, na akinuna anune. Ukiulizwa uwanjani nani kakupa, mtaje. Na kama wewe ndiye unayetuma, yule anayebeba ana haki ya kujua anachobeba kuliko unavyokihitaji wewe. Wale niliowafundisha kujibu "vyote ni vyangu", kama mpo humu, naomba mnisamehe na mwache.

Nimemaliza, wakuu. Uwanja ni wenu. Aliyewahi kubebeshwa atueleze, na aliyewahi kubebesha pia awe jasiri. Matusi nayo nitayasoma, nayastahili.

Ila kuna mtu atataka kuandika kwamba ilikuwa bahati mbaya. Naomba huyo asiandike. Mama aliniuliza kile ni nini, na mimi nikamjibu.